Nkeri si kila tunda jeusi

KONA YA FAMILIA

Mwezi uliopita tuliongea juu ya kufunika maji ya kunywa. Mwezi huu nilikuwa nimejipanga kuandika juu ya sare za shule. Lakini kuna jambo limeingia nyumbani kwangu mwenyewe, nikaona afadhali niliseme wazi ili lisiingie na kwako.

Kosa lilikuwa langu. Ninyi mnajua jioni zetu zilivyo. Joto likipungua tunatoa mkeka nje, watoto wanakaa, wanataka hadithi. Hadithi za sungura zimekwisha, basi nikaanza kuwahadithia nkeri. Sisi wenye kutoka Masisi, Rutshuru na Walikale tunazijua. Ukienda kuteka maji unazikuta kando ya njia, ukirudi kutoka shamba unazikuta kwenye mpaka wa msitu. Nyanya yangu alikuwa anakunja jani la mgomba kama kikombe, tunajaza nkeri ndani, na tukifika nyumbani mikono imechanwa na miiba na midomo imekuwa ya zambarau. Huwezi kudanganya kwamba hukula njiani.

"Mama, ni tamu kama nini?" aliniuliza kijana wangu wa mwisho. Ana miaka 6.

Nikamwambia, "Ni tamu kuliko embe, halafu ina uchachu kidogo. Ikiiva ni nyeusi, imejaa punje-punje kama shanga zilizoshikana."

Huyu mtoto amezaliwa ukimbizini. Mlima anaoujua ni Jebel Kujur, ule unaouona ukienda mjini. Ubaridi anaoujua ni wa mvua ya usiku. Mimi nilidhani nampa hadithi tu. Kumbe yeye alikuwa anachukua maelekezo.

Siku ya tatu akarudi kutoka kucheza, ameshika shati lake kwa mbele kama mfuko. Uso wake una furaha. Akasema, "Mama, nimekuletea nkeri."

Nilipoangalia ndani ya shati, moyo ukashtuka. Zilikuwa punje ndogo za mviringo, nyingine nyeusi, nyingi za kijani. Haikuwa nkeri. Ilikuwa lantana, ile mimea ya maua ya rangi rangi ambayo watu wanapanda kama ua wa nyumba. Nikamuuliza, "Umekula?" Akasema, "Nyingi. Zile nyeusi zilikuwa chache, nikala na zingine."

Haikupita muda mrefu akaanza kutapika. Baadaye tumbo likaendesha, akawa analala-lala, miguu haina nguvu. Mama jirani yangu, aliyekulia Uganda, akanishika mkono. "Dada, usimpe kitu cha kumtapisha. Vunja tawi la ule mti uende nalo." Tukapanda boda boda mpaka zahanati. Muuguzi akauliza swali la kwanza, "Mama, amekula nini?" Nikamwonyesha tawi. Akaniambia nimefanya vizuri kuja nalo, kwa sababu watu wengi wanafika hawajui la kusema. Tulilala pale usiku mmoja, mtoto akiangaliwa na kupewa maji. Asubuhi akaomba uji. Nikalia, na sioni aibu kuwaambia.

Ndiyo maana leo nataka tujifunze pamoja: nkeri ni nini hasa, inaota wapi, na lile tunda linalojifanya nkeri tulitambue vipi.

NKERI NI NINI?

Kila watu wana jina lao. Warundi na Wanyarwanda, na sisi tulio karibu nao, tunasema inkeri, na mti wake ni umukeri. Waganda wanasema enkenene. Wakikuyu wanaiita ndare, Wakipsigis momonik. Ndugu zetu Waethiopia wanasema injori, na Waoromo gora. Wataalamu wa mimea wanaliita kundi lote Rubus, nalo lina aina nyingi sana duniani. Katika Afrika yetu ya mashariki kuna aina kadhaa, kwa mfano Rubus pinnatus, Rubus apetalus na Rubus steudneri. Hilo neno apetalus maana yake ni "bila petali", kwa sababu ua lake mara nyingi halina zile petali za rangi, au zinakuwa ndogo tu.

Mkeri si mti mkubwa. Ni kichaka cha mashina marefu yanayopinda na kutambaa juu ya mimea mingine. Miiba yake imejikunja kama ndoano, ndiyo maana ukiingia ndani ni rahisi kuliko kutoka. Jani lake limegawanyika: unahesabu vijani 3, au 5, au zaidi, vyote kwenye kikonyo kimoja. Tunda linaanza kijani, linakuwa jekundu, halafu aina nyingi linamalizikia kwenye weusi. Ukilitazama karibu unaona si punje moja. Ni punje nyingi ndogo zenye maji, zimeshikana kuwa tunda moja, na kila punje ina kokwa yake ndogo. Ukilichuma linatoka zima.

Ni chakula kizuri. Lina vitamini C, ile inayosaidia fizi na ngozi na kupona kwa vidonda. Na si watu tu wanaolipenda. Kule kwenye volkano za Virunga, Mikeno na Karisimbi, sokwe wakubwa wa milimani wanakula majani ya mkeri na matunda yake. Ndege nao wanakula na kuangusha mbegu mbali, ndiyo sababu mkeri unatokea mahali ambapo hakuna mtu aliyeupanda.

INAOTA WAPI?

Mkeri unataka vitu vitatu: ubaridi kidogo, unyevu, na mwanga. Kwa hiyo hauko katikati ya msitu mzito wenye giza, na hauko kwenye tambarare ya joto kali. Uko pembeni: ukingo wa msitu, kando ya mto, kando ya barabara ya mlimani, mahali miti ilipokatwa, shamba lililoachwa. Zaidi utauona kwenye nchi za juu, kuanzia kama mita 1,000 hivi, na hasa ukipanda kupita mita 1,500. Ndiyo maana unaukuta Kivu, Kabale, nyanda za juu za Kenya, Kilimanjaro na Ethiopia. Upo mmoja unaoitwa Rubus volkensii ambao unapanda mpaka kwenye baridi ya mianzi katika milima ya Kenya na Kilimanjaro.

Sasa angalia Juba. Tuko kama mita 550 tu juu ya usawa wa bahari. Mwezi wa pili na wa tatu joto linafika nyuzi 38 na kupita. Mvua inakatika miezi mingi. Mkeri hapa unateseka. Najua kwa sababu nilijaribu. Mwenzangu mmoja aliniletea mche kutoka Kabale, umefungwa kwenye kitambaa chenye maji. Wakati wa mvua ulishika vizuri, ukatoa majani mapya, nikaanza kujisifu kwa majirani. Mwezi wa pili ukakauka, hata maji ya kuoshea vyombo hayakuusaidia. Basi nisikilizeni: akija mtu sokoni Konyo Konyo akikuuzia mche wa nkeri na kusema utazaa uani kwako, mwachie mche wake.

Lakini msifikiri Sudan Kusini haina kabisa. Ukitoka Juba kwenda mashariki, kama kilomita 130, unafika Torit. Kusini ya Torit inasimama milima ya Imatong, na kilele chake, Kinyeti, kina mita 3,187, ndicho kirefu kuliko vyote katika nchi hii. Huko juu, sehemu za Gilo, hewa ni ya kuvaa sweta. Kuna msitu wa mvua, na pembeni ya msitu huo jamaa ya mkeri ipo. Yaani tunda la kwetu lina ndugu zake kwenye nchi hii iliyotupokea, ni vile tu sisi tumewekwa bondeni.

Hapo naomba mnielewe vizuri. Sisemi twende kulitafuta. Milima ya Imatong imepitiwa na vita vingi. Mwaka 2002, jeshi la Uganda lilipoingia kuwafuata waasi wa LRA, mapigano yalifika huko. Katika Equatoria bado kuna mabomu ya ardhini na silaha zilizobaki ambazo hazijalipuka. Hata hapa karibu, mtoto asipite njia isiyopitwa na watu kwa ajili ya tunda. Na akikuta chuma asichokijua, asiguse, arudi kwa njia ile ile aliyojia, amwambie mtu mkubwa.

JINA LA MGENI ALIYEKUFA WAU

Kuna habari moja imenigusa. Ule mkeri unaoitwa Rubus steudneri una jina la mtu. Aliitwa Hermann Steudner, Mjerumani aliyesomea mimea na udaktari. Mwaka 1861 na 1862 alitembea Ethiopia pamoja na Theodor von Heuglin akikusanya mimea. Baadaye wakapanda Mto Nile na kuingia Bahr el Ghazal, na huko, mwezi wa Aprili 1863, Steudner akafa kwa homa pale Wau. Alikuwa hajafika miaka 31. Akazikwa huko huko.

Mwenzake mwingine wa kazi hiyo, Georg Schweinfurth, ndiye aliyeupa mkeri huo wa Ethiopia jina la Steudner baada ya kifo chake. Yeye mwenyewe alikuja Bahr el Ghazal kati ya 1869 na 1871. Mwezi wa Desemba 1870 moto ukaunguza kambi aliyokuwa anakaa, na sehemu kubwa ya mimea aliyokusanya na maandishi yake ikateketea. Sisi ambao tumeacha vyeti na picha kwenye nyumba zilizochomwa tunajua aliamkaje asubuhi ile.

TUNDA LINALODANGANYA

Lantana haikuwa ya Afrika. Ilitoka Amerika, ikaletwa kama ua la kupendeza na kama ua wa kuzungushia nyumba, halafu ikatoroka na kujaa porini. Waganda wanaiita kayukiyuki. Mtazameni vizuri ninyi wazazi, halafu muwaonyeshe watoto:

Kwanza, jani. Jani la lantana ni moja moja, limekwaruza, na yanakaa mawili mawili yakitazamana kwenye shina. Ukilisugua linatoa harufu kali. Jani la mkeri limegawanyika vijani vitatu au zaidi.

Pili, ua. Ua la lantana ni kishada cha maua madogo, na kishada kimoja kinaweza kuwa na njano, waridi na nyekundu pamoja.

Tatu, tunda. Ukivuta tunda la lantana inatoka punje moja tu, nyingine zinabaki kwenye kishada. Kila punje ni laini, inang'aa, na ina kokwa moja ndani. Nkeri inatoka nzima, punje zote zimeshikana.

Nne, na hili ndilo kubwa: uko wapi? Ukiwa Juba, kwenye joto hili, na mtoto akakuletea "nkeri", jibu ni kwamba si nkeri. Kujua mahali tunda linapoota ni nusu ya kulitambua. Mimi nilimwambia mtoto rangi na utamu, lakini sikumwambia mahali. Ningemwambia kwamba nkeri inakaa kwenye mlima wa baridi, mbali na hapa, asingeitafuta nyuma ya choo.

Najua wengine watasema, "Lakini sisi tulikula zile nyeusi tukiwa wadogo, hatukufa." Ni kweli kuna wanaokula zilizoiva. Hatari kubwa iko kwenye zile za kijani. Lakini mtoto wa miaka 4 au 6 akiwa na njaa hachambui. Anajaza mdomo. Na majani yake ni sumu kwa mifugo pia: mbuzi au ng'ombe akila mengi ini linaharibika, na ngozi inaungua juani. Mwenye mbuzi hapa kambini naye asikie.

MTOTO AKILA TUNDA USILOLIJUA

Kata sehemu hii uibandike ukutani.

1. Toa kilichobaki mdomoni, msuuze kwa maji safi.
2. Usimtapishe kwa nguvu. Usimtie kidole kooni, usimpe maji ya chumvi wala dawa ya kienyeji.
3. Usingoje uone. Mpeleke zahanati hata kama bado anacheza. Dalili zinaweza kuchelewa.
4. Chukua tawi lenye majani na matunda, au matapishi kidogo kwenye mfuko, umwonyeshe daktari.
5. Kumbuka saa aliyokula na kadiri ya alichokula. Waulize watoto wenzake bila kuwagombeza, maana mtoto akiogopa fimbo anaficha.
6. Akiwa amelegea au amezimia, mlaze kwa upande, usimpe kitu mdomoni, uite msaada haraka.

NDUGU ZETU WALIOENDA MBALI

Wengine wetu wana ndugu waliopelekwa Marekani, Kanada au Ulaya. Binamu yangu alifikia upande wa Washington, karibu na Seattle. Mwezi wa nane akanipigia simu anacheka. "Dada, huku nkeri ziko kando ya barabara, na hakuna mtu anazitaka!" Ni kweli. Ile ya huko ni Rubus armeniacus. Mwaka 1885 mkulima mmoja maarufu, Luther Burbank, aliileta kutoka kwa mbegu za ng'ambo akaiuza kwa jina la Himalaya, ingawa asili yake ni upande wa Armenia na Iran. Ikakimbia mashambani, na leo Washington na Oregon wanaihesabu kama gugu baya. Uingereza nako watu wanachuma aina za kwao mwezi wa nane na wa tisa.

Kwa hiyo ukiwa na ndugu anayesafiri mwambie: zipo, zinaliwa, lakini asichume karibu na barabara kubwa yenye moshi wa magari, na aulize kwanza kama hapajapulizwa dawa ya kuua magugu. Na wenye watoto wakumbuke kwamba huko nako kuna matunda meusi mengine yenye sumu.

TUWAHADITHIE NAMNA GANI?

Baada ya yale yaliyotokea, mzee mmoja aliniambia, "Mama, acha hizo habari za nyumbani. Unawatia watoto hamu ya kitu ambacho hakipo." Nililifikiria neno lake wiki nzima. Sikubaliani naye, lakini nusu yake ni kweli. Mtoto ukimpa hamu bila maarifa, anakwenda kuitafuta peke yake.

Kwa hiyo nimebadilisha. Ninawahadithia bado, lakini sasa tunaanza na vya hapa. Tumezunguka nyumba pamoja, nimewaonyesha lantana, kila mmoja ameinusa na kuitaja jina. Tumewauliza wenyeji wanachokula wao. Wametuonyesha lalob, lile tunda la hijlij unalolifyonza kama peremende. Wametuonyesha nabag, na ukwaju ambao wao wanauita aradeb, na lulu ambayo wanakamua mafuta. Na maembe ya Juba nani asiyeyajua? Hayo ndiyo matunda ya mahali hapa. Kanuni ya nyumba yetu ni moja: tunda ambalo mama au baba hajalitaja jina haliingii mdomoni. Linaletwa kwanza nyumbani. Na mtoto akilileta, hagombezwi. Kijana wangu alinikumbusha mwenyewe, "Mama, mimi nilikuletea." Ni kweli. Aliniletea, tatizo ni kwamba alionja kwanza.

Halafu nikawaeleza jambo moja la mwisho kuhusu mkeri. Tawi lake likirefuka linainama, na ncha ikigusa udongo wenye unyevu inatoa mizizi pale pale, unakuwa mkeri mwingine. Mwaka jana mtu wa kijiji chetu alipiga simu. Akasema shamba la baba yangu halijalimwa tangu tulipokimbia, na sasa mikeri imelijaza lote mpaka mahali nyumba ilipokuwa. Watu wazima walisikitika. Kijana wangu aliuliza, "Kwa hiyo nkeri zote hizo ni zetu?"

Nikamwambia ndiyo, ni zetu. Nikamtajia jina la kilima, na jina la mto ulio chini yake, na miti miwili inayoonyesha mpaka. Sasa anaweza kuyasema bila kukosea.

Wazazi wenzangu, kazi ya mwezi huu ni ndogo: zungukeni nyumba zenu na watoto kabla ya Jumapili, mwonyeshane lantana. Na mwenye jina la nkeri kwa lugha ya kwao ambalo sikulitaja, aniambie tukutanapo bombani, nitaliandika. Mwezi ujao, sare za shule, bila kukosa.

Mbaki salama.

Wenu, Mama wa Kona